Sikio la Bibi



Jumatano nilikwenda Masaki kuombea nyumba ambayo bado haijapigwa lipu. Nasema Masaki yetu ya Kisarawe, ya mikorosho na mihogo, si ile ya rasi ya Msasani. Mzee mwenye nyumba ni mshirika wetu. Mwanawe amemletea risiva, yaani ile mashine inayopokea sauti ya runinga na kuigawa kwenye spika tano na sabufa. Wengi huichanganya na kisimbuzi. Spika mzee anataka zizame ukutani.

Nilikuta mjadala umepamba moto. Fundi umeme, kijana mdogo, alikuwa amechuchumaa na tindo mkononi. "Mzee," alisema, "hizi zimetengenezewa kuta za mbao na jipsamu, zenye uwazi ndani. Ukuta huu ni tofali la inchi 6. Spika inataka kina cha sentimita 10. Nikitindua hapa, upande wa chumba cha Bibi litabaki ganda, na usiku sauti yote itahamia kwake." Akashauri ukuta wa mbele uongezwe fremu ya mbao na jipsamu, kila spika ijengewe sanduku lake kwa nyuma, na waya zipite kwenye paipu sasa hivi, kabla ya lipu. Nilimpenda kijana yule. Ukweli unaosemwa kabla ya lipu ni upendo; ukisemwa baada yake, mwenye nyumba anaulipia kwa nyundo.

Kisha akageuza risiva, akatuonyesha maandishi ya nyuma: spika zisipungue omu 6. Zile alizochagua mwana wa mzee ni za omu 4. Omu zikipungua, spika huvuta umeme mwingi kuliko risiva inavyoweza kutoa. Itachemka, na filamu ikifika patamu itajizima. Zitafutwe za omu 8. Mzee akauliza, basi si tununue risiva ya wati 200 badala ya 100? Fundi akatikisa kichwa. Wati zikiongezwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, na sikio hulitambua badiliko hilo kwa shida. Fedha hiyo, alisema, iende kwenye spika ya kati.

Hapo nikasimama kusikiliza kwa moyo wote. Spika ya kati ndiyo inayobeba maneno ya watu. Sabufa hutikisa madirisha, za pembeni huleta mvua na magari, lakini mama akimwita mwanawe kwenye filamu, sauti yake hutokea katikati. Na ndiyo watu huinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Bibi wa nyumba ile masikio yamechoka. Mdundo anausikia hadi kifuani. Kinachompotea ni maneno, naye huishia kucheka pale wengine wanapocheka.

Someni wiki hii Nehemia sura ya 8. Ezra alisimama juu ya jukwaa la mbao, akasoma torati tangu asubuhi hadi adhuhuri, mbele ya wanaume, wanawake na wote walioweza kuelewa. Walawi wakawafafanulia watu. Sehemu hii hunigusa kila niisomapo, kwa maana waliona kusoma peke yake hakutoshi mpaka maneno yameeleweka. Nami nawaza juu ya kanisa letu, tulivyochangia spika kubwa za kwaya, huku wazee wa benchi la nyuma wakiniambia mlangoni kwamba mahubiri hawakuyapata. Nimewaomba wazee wa kanisa tulizungumze Jumapili hii.

Kabla sijaondoka, fundi alivuta kiti cha plastiki. "Bibi, shikamoo. Kaa hapa kidogo, utazame mbele kama unaangalia runinga." Bibi akaitikia marahaba, akakaa, akaweka kanga sawa begani. Kijana akakunjua futi kutoka sakafuni hadi sikioni kwake: sentimita 98. Akavuka chumba, akapima 98 kushoto, 98 kulia, akachora kwa kipande cha mkaa. Ya kati, akasema, itakaa karibu na mstari huo kadiri runinga itakavyoruhusu, ielekezwe kwenye kiti hiki.

"Hiki changu?" Bibi akauliza.

"Ndiyo, Bibi. Hicho chako."