Noeli ya Nguo na Noeli ya Mutoto

Mwezi wa kumi na mbili ukifika hapa kwetu Luano, mvua inanyesha karibu kila siku, maembe yanaanguka, mama wanapanga bowa kando ya barabara, na katika kila lupango watoto wanauliza neno moja: « Papa, nguo ya Noeli iko wapi? » Ndege zinatua kwa uwanja wetu, malori yanatoka Kasumbalesa na mizigo, na katika mji maduka yanasimamisha miti ya plastiki yenye kuwekwa pamba juu. Pamba ile ni theluji. Mutoto wa Luano hajaona theluji hata siku moja, lakini anajua kama Noeli iko na theluji. Njo hapo sisi walimu, pamoja na watu wa kanisa, tunaanza kulalamika: watoto hawafahamu tena maana ya Noeli, biashara imewaharibu.

Nami nililalamika hivyo miaka mingi. Leo sina hakika tena.

Siku moja mbele ya likizo niliuliza wanafunzi wangu: Noeli ni nini? Walijibu muzuri kama katekisimu: kuzaliwa kwa Yesu, Betlehemu, Maria na Yosefu, wachungaji. Hakuna aliyekosea. Kisha nikauliza: Na kwenu, Noeli ya mwaka jana ilikuwa namna gani? Hapo hakuna aliyemutaja Yesu. Walitaja nguo, viatu, kuku, wali. Mumoja, kule nyuma, akasema paka hivi: « Shiye hatukufanya. » Neno lile lilinifuata mpaka nyumbani. Mutoto anajua kama Yesu alizaliwa, lakini anasema kwao Noeli haikufanyika, kwa sababu kuku haikupatikana.

Basi nitasema na ya kwangu, maana si haki kuhukumu malupango ya wengine. Kuna mwaka ambao makuta ya mwisho wa mwaka yalichelewa. Nikaenda kukopa kwa mutu, ile deni tunaita banki lamberi: unakamata franka elfu mia moja, unarudisha elfu mia na hamsini. Nikanunua kanzu ya binti mudogo, na viatu vyangu, kwa sababu nilipaswa kusoma somo mbele ya watu kwa misa. Kijana wangu, wa miaka kumi na mmoja, nilimwambia angojee Bonane. Asubuhi ya Noeli akakataa kutoka chumbani.

« Papa, batanicheka. Bote bako na ya mupya. »

Nikakasirika. Nikamuhubiria kabisa: Yesu mwenyewe alilazwa mahali pa kulishia nyama, alifungwa na vitambaa tu, hakuwa na nguo ya Noeli. Mutoto hakujibu. Akatazama miguu yangu.

Tangu siku ile ulizo limegeuka ndani yangu. Tunauliza kama watoto wanafahamu Noeli. Wanafahamu, na sana, lakini kile wanachofahamu ni sisi. Mutoto hajifunzi maana ya siku kuu kwa maneno ya siku ile. Anajifunza kwa kutazama mukubwa anahangaika juu ya nini wiki tatu mbele. Kama baba anakimbia huku na huku juu ya viatu, basi Noeli ni viatu. Mahubiri ya dakika kumi hayawezi kushinda wiki tatu.

Lakini tusikimbilie kusema makosa yote ni ya maduka. Katika mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliondoa Noeli katika siku za mapumziko ya Zaire, kama vile katika 1972 ulikuwa umekataza majina ya Kikristo. Mama yangu alikuwa kijana wakati ule, katika kambi ya Gécamines. Anasema wanaume walienda kazini tarehe 25 kama siku yoyote, na magaribi watu wakaenda kusali. Hapakuwa mti wa plastiki. Je, Noeli yao ilikuwa safi kuliko yetu? Nilimuuliza hivyo, nikitumaini atasema ndiyo. Akacheka: « Shiye pia tulililia nguo! » Bibi alishona nguo za watoto wote katika kitambaa kimoja, hata wakubwa na wadogo walifanana. Basi nguo mupya si uzushi wa duka la leo. Tofauti ninayoona ni hii: kitambaa kimoja kilivalisha watoto wote, na hakuna aliyebaki chumbani.

Njo maana sikubaliane na ndugu wanaosema tufute nguo, tufute kuku, tubakie na sala peke yake. Mutoto ni mwili pia. Nguo inamwambia: wewe ni mutu, tulikukumbuka. Hata huyu Papa Noeli wa ndevu nyeupe, asili yake ni askofu Nikola wa Mira, katika inchi inayoitwa leo Uturuki, karne ya nne, anayekumbukwa kwa kutoa zawadi kwa siri. Wabelgiji wanamushangilia tarehe 6 ya mwezi wa kumi na mbili. Kwa siri! Na sisi tunavalisha ili jirani aone.

Katika desturi yetu kuna kitu ambacho kila mutoto anakifahamu bila mwalimu: kwenda kuona mutoto. Jirani akizaa, tunapeleka sabuni, unga, kitambaa. Tunaongea sauti ya chini, tunanawa mikono, tunatazama. Hakuna anayemuuliza mutoto yule ameleta nini, wala mama yake amevaa nini. Naye anayekwenda hajipambi, maana siku ile si yake. Wachungaji wa Betlehemu walifanya vile vile, na nafikiri ni kwa njia hii mutoto wa Luano anaweza kuingia ndani ya Noeli, kuliko kwa njia ya theluji ya pamba.

Mwaka jana nilijaribu. Lupango la pili mama mumoja alikuwa amezaa siku nne mbele ya Noeli. Nilivaa viatu vyangu vya kazi, kijana akavaa shati ya masomo, dada yake akabeba sabuni. Baada ya misa tukapita kule. Walimupa kijana kile kitoto mikononi, akakaa nacho muda murefu, hakusema kitu, hata mama yake mwenye kuzaa akamwambia apumzike.

Katika njia ya kurudi, mvua ikianza, akaniuliza:

« Papa, na ku Bonane utaniuzia viatu? »

Nikamwambia nitaona.

« Na kile kitoto, shiye tutakiuzia nini? »

Hapo sikuwa na jibu tayari. Tulikuwa tumebakisha elfu tatu tu.