Mbwa Mkali: Kosa ni la Jinsi Yake au la Aliyemfuga?

Mwaka jana baadhi yetu katika darsa tulikwenda Bura, katika nchi ya Taita, ukishapita Mwatate kwa njia ya Voi kwenda Taveta, kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa huko, ambao ni wachache na nyumba zao ziko mbali mbali. Baada ya sala ya alasiri alitujia mtu mzima, mwenye shamba na mbuzi, akatueleza khabari yake. Mwanawe afanyaye kazi Nairobi alimletea mbwa wa kifua kipana na kichwa kama jiwe la kusagia, wa jinsi iitwayo pitibuli. Mbwa yule alilinda zizi mwaka mzima, na nyani hawakulikaribia shamba. Kisha siku moja mnyororo ulifunguka, akamuuma mkono mtoto wa jirani aliyekuwa akirudi chuoni na juzuu yake. Mtoto alipona, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu na kwa sindano, lakini majirani wale tangu siku hiyo hawajasemezana.

Mwenye mbwa alituuliza mambo matatu kwa pumzi moja. Je, amuue? Asipomuua, yafaa ampe mtu wa Taveta aliyekwisha kumtaka? Na kama yeye amekosa, amekosa wapi? “Sheikh,” alisema, “mimi sikumfunza kuuma. Ndivyo alivyoumbwa.”

Yale mawili ya kwanza tungeweza kuyajibu papo hapo. Hili la tatu ndilo lililotuzuia, tukamwomba atupe muda.

Watu wengi wa pwani wakilisikia swali hili watacheka na kusema: mbwa ni najisi, mwueni, basi. Twasikitika kusema kwamba jawabu hilo ni la uvivu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo hatulipingi, ingawa Imamu Malik aliona kuwa mbwa ni tahiri, na hakuna aliyemtoa katika dini kwa kauli hiyo. Lakini unajisi ni hukumu ya kuosha, si hukumu ya kuua wala ruhusa ya kutesa. Qurani imehalalisha mawindo ya mbwa aliyefunzwa, na imemtaja mbwa wa watu wa Pangoni pamoja na mabwana zake. Mtume (s.a.w.) alituambia khabari ya aliyesamehewa madhambi kwa kumteremkia mbwa kisimani akamtolea maji kwa kiatu. Alionya pia kwamba afugaye mbwa bila ya haja hupungukiwa na thawabu kila siku, akawavua wenye mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mzee wetu wa Bura yumo katika hao waliovuliwa. Hatuna la kumlaumu kwa kuwa na mbwa.

Tuje kwenye asili yake. Pitibuli hakushuka kutoka mbinguni na meno yale, wala hakutoka mwituni. Jinsi hii imetengenezwa na watu. Uingereza, katika karne ya 19, walichanganya mbwa wazito waliotumiwa kupiganishwa na mafahali na mbwa wadogo wepesi wa kuwinda panya, wapate mnyama mwenye nguvu na asiyeacha. Mwaka 1835 Bunge lao lilipiga marufuku mchezo wa mafahali, na wapenda damu wakageukia kupiganisha mbwa kwa mbwa, kwa siri, na mbwa wale wakavushwa bahari hadi Marekani. Msomaji akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuchochea wanyama wapigane, zaidi ya miaka elfu kabla ya hapo. Basi jinsi hii yenyewe ni tunda la kitendo kilichokatazwa. Ndiyo maana hatuwezi kukubali neno la mzee, “ndivyo alivyoumbwa,” bila ya kulipekua. Mwenyezi Mungu ameumba mbwa, lakini aliyechagua kizazi hata kizazi nani azae na nani asizae ni mwanadamu, na alichagua kwa ajili ya mapigano.

Waingereza wenyewe wamelihangaikia jambo hili. Kwa sheria ya mwaka 1991 walikataza jinsi nne, pitibuli akiwa mmoja wao. Kisha likazuka jitu jingine, waliitalo XL Bully, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024 ikawa ni kosa katika Uingereza na Wales kuwa naye pasipo cheti cha kuachiliwa. Huko Marekani mji wa Denver ulimkataza pitibuli mwaka 1989, na mwaka 2020 wenyeji wakapiga kura wamruhusu kwa kibali. Wapo wasemao kwamba sheria za namna hii humhukumu mbwa kwa sura yake, ilhali mpole na mkali hutoka tumbo moja. Wapo wajibuo kwamba hatuna haja ya kungoja mtoto atafunwe ndipo tujue. Pande zote mbili zina haki kidogo, na jambo lenye haki kidogo kila upande ndilo gumu kuliko yote.

Katika Sharia limo neno lililo karibu sana na mgogoro huu. Mtume (s.a.w.) aliwataja wanyama watano wanaouawa hata katika eneo takatifu la Makka, na katika hao ni mbwa *aqur*, yaani mbwa mwumaji, mshambuliaji. Hakusema mbwa wa rangi hii au wa kichwa kile. Aqur ni sifa ya kitendo. Tulipofika hapo katika darsa, mmoja wetu alifurahi akasema, “Basi imekwisha. Sharia haitazami jinsi, yatazama aliyeuma.”

Lakini haikwisha. Imamu Malik aliifasiri aqur kuwa ni kila mnyama ashambuliaye watu na kuwatisha, mfano wa simba na chui. Na simba hatumngoji aume kwanza. Twamwogopa kwa jinsi yake. Watu wa Bura, waliozungukwa na mwitu wa Tsavo, hawahitaji kufundishwa hilo. Basi swali letu lilibadilika: je, pitibuli ahesabiwe na mbwa au ahesabiwe na simba?

Rai yetu, nasi twaweza kukosea, ni kwamba yeye ni mbwa. Simba hajawahi kuishi kwa mkono wa mtu, akala kwake na kulala mlangoni pake. Mbwa huyu hufunzika, na wengi wa jinsi yake huishi na kufa bila ya kumuuma mtu. Kumwua kwa kichwa chake kipana tu, naye hajafanya kitu, ni kuua pasipo sababu. Mtume (s.a.w.) aliwazuia Masahaba wasiendelee kuua mbwa ovyo, akawaeleza kuwa nao ni umma katika umma za Mwenyezi Mungu. Hata hivyo nguvu za mwili na taya zake ni jambo la kweli, si uzushi wa waoga. Kosa lake moja laweza kuzidi makosa kumi ya mbwa koko. Kwa hivyo jinsi haimtii mbwa hatiani, lakini humwongezea mwenyewe mzigo. Mtu abebaye panga kali sokoni hakutenda kosa, lakini hana udhuru kama abebaye kijiti.

Hapa ndipo tulipomwona mzee wetu amekosea. Mafaqihi wa Kishafi wameandika kwamba mwenye mbwa mwumaji akimruhusu mtu kuingia nyumbani mwake asimwambie, mbwa akamuuma, mwenyewe hulipa. Twawaza kwamba kile kibao cha “Mbwa Kali” tukionacho malangoni kina asili njema katika fikihi kuliko wajuavyo wengi wakitundikao. Lakini kibao ni kwa ajili ya aingiaye. Mtoto wa chuo alikuwa njiani, na njia ni ya watu wote. Tulimuuliza mzee kama mbwa aliwahi kumrukia mtu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alimrarua kanzu mpita njia siku za nyuma, na mnyororo ulikuwa wa kufungia mbuzi. Basi alijua. Na ajuaye kisha akalegea si sawa na aliyeshtukizwa. Gharama za hospitali ni juu yake, na pia kwenda kwa miguu yake kumtaka radhi baba wa mtoto.

Ama kumpa mtu wa Taveta. Katika madhehebu yetu mbwa hauzwi, na thamani yake imekatazwa kwa hadithi sahihi. Lakini mwenye haki ya kumtumia mbwa yafaa aiachie haki hiyo kwa mwingine bila ya bei. Twataja hili kwa sababu siku hizi mijini kuna nyumba za kuwahifadhi mbwa waliotupwa, kama ile ya KSPCA huko Nairobi, watu wakaenda kuwachukua wakawafuge. Kwa mtazamo wetu mlango huu ni mwema kuliko kununua mbwa kwa mfanya biashara azalishaye wakali kwa makusudi, na mwenye shamba ahitajiye mlinzi asione haya kuupita. Lakini sharti lake ni ukweli. Atoaye mbwa aliyekwisha kuuma, akaficha, ameghushi, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi. Hata kama hapokei senti moja, atakayelipa ni mtoto wa Taveta asiyejua lolote. Wako wanaofanya hivyo kwa huruma, ati mbwa apate nafasi ya pili. Huruma inayomficha mwanadamu hatari iliyomkabili imepotea njia.

Hatuwezi kuacha kutaja kichaa cha mbwa, maana twasikia mambo ya kusikitisha. Wagonjwa wapatao 99 katika kila 100 wa maradhi haya wameyapata kwa mbwa, na dalili zikishatokea karibu hakuna aponaye. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapigwe sindano. Asitie udongo katika jeraha kwa kudhani ndiyo tahara. Mwenye jeraha ni mwenye udhuru, na udongo utamdhuru. Wala asipelekwe kwa mwandika kombe akakaa siku tatu akinywa zafarani. Dua iwe pamoja na sindano. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa maradhi haya kwa watu, na njia yake ni kuchanja mbwa, angalau 70 katika kila 100. Ndugu zetu wa Pemba, watu wa kisiwa cha Kiislamu, walikwisha kuyaondoa, yakarudi mwaka 2016, wakayaondoa tena mwaka 2018, kwa kuwachanja mbwa wale wale ambao sisi huwarushia mawe. Na mawe hayo nayo tuyatazame. Watoto wetu wa chuo huwafundisha mbwa kila siku kwamba mtu ni adui, nasi twapita tukicheka.

Tulimwandikia mzee wa Bura hivi: Alipe na aombe radhi kabla ya jambo jingine. Mbwa amwite daktari wa mifugo amtazame na amchanje. Akionekana aweza kuzuilika, amfungie ndani ya ua wenye ukuta, si mnyororo wa mbuzi, na mtu wa Taveta asipewe ila baada ya kuambiwa yote mbele ya shahidi. Akionekana hazuiliki, ni aqur, na auawe kwa dawa ya daktari, haraka na bila ya maumivu. Asipigwe virungu, wala asipelekwe kutupwa Tsavo.

Barua ya majibu imetufikia. Daktari alikuja kutoka Voi. Mtu wa Taveta, alipoambiwa, alikataa. Ukuta unajengwa, na baba wa mtoto ndiye aliyeleta mawe ya msingi.