Mama Yuko Wapi Kwenye Picha?

Mwezi jana nilimpiga Mama picha ufuoni Dunga. Alikuwa ameinama juu ya wavu akianika omena, kazi aliyoifanya tangu sijaanza shule. Nyuma yake kulikuwa na mashua nyekundu, rangi bado mbichi.

Siku hizo nilikuwa nachezea programu ya kompyuta inayokisia jicho la mtu litatua wapi kwanza kwenye picha. Nikaipa ile picha. Ikanirudishia ramani: penye mvuto panang'aa, kwingine kote ni giza. Mashua iling'aa kama taa. Mama alikuwa giza tupu.

Nilikasirika. Lakini hebu tuielewe kabla hatujaitukana. Mwaka 1998, Laurent Itti, Christof Koch na Ernst Niebur walichapisha modeli ambayo nyingine nyingi zimefuata nyayo zake. Inapima mambo matatu kwenye kila sehemu ya picha: rangi, mwangaza na mwelekeo wa mistari. Kisha inalinganisha sehemu hiyo na zilizo jirani yake. Inayotofautiana zaidi ndiyo inayoshinda. Sasa Mama, na leso yake iliyopauka kati ya nyavu zilizopauka, angeshindaje? Mashine haikumdharau. Haikujua hata kama pale pana mtu.

Wavuvi wa omena wanaijua siri hii kitambo. Huingia ziwani usiku wa giza, wakawasha taa zao juu ya maji, samaki wakaja wenyewe. Omena hajiulizi kama taa ile inamtakia mema. Inang'aa, basi, imetosha. Na sisi na simu zetu saa nane usiku, tofauti yetu na omena iko wapi?

Nadhani ipo. Alfred Yarbus, mwanasayansi wa Usovieti, alifuatilia macho ya mtu anayetazama mchoro uleule huku akipewa maswali tofauti: watu hawa wana umri gani? Hali yao ya maisha ikoje? Kila swali liliyapeleka macho njia nyingine. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967. Kumbe kinachong'aa hakina neno la mwisho. Swali unalokuja nalo pia lina nguvu.

Hapo ndipo aibu iliponishika. Ukweli ni kwamba hata mimi, nilipoifungua picha ile, niliangalia mashua kwanza. Swali langu lilikuwa watu wangapi wataipenda nikiiweka mtandaoni. Karo yangu ilitoka kwenye omena hiyo, gorogoro baada ya gorogoro, na bado sikuwa nimeuliza swali lolote linalomhusu Mama.

Wako wanaosema mtu halaumiwi kwa pale jicho lake lilipokimbilia. Nakubali. Mtazamo wa kwanza ni maumbile tu. Wa pili ni wako, na huo utaulizwa. Mashine iliishia kwenye wa kwanza kwa sababu haina deni kwa mtu. Mimi ninalo.

Juzi nilimwonyesha Mama picha. Akaisogeza simu karibu, akakunja uso.

"Hizo za upande wa kushoto," akasema, "zilikuwa hazijakauka vizuri. Mbona hukuniambia?"

Mashua hata hakuitaja.