Kabla ya Kuikemea Sarafu

Somo: Yakobo 1:5–8



Jumapili iliyopita, tukihesabu sadaka hapa Karagita, mzee mmoja wa kanisa alitoa kioo chake cha kukuzia akanionyesha shilingi. Si hizi za 2018 zenye twiga, bali ile ya zamani yenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Tarakimu za mwaka zilikuwa na kivuli, nikadhani ameokota hazina. Akatikisa kichwa. "Hii ilitikisika tu ikipigwa, mchungaji. Ona kivuli kilivyolala bapa, kama kidato. Muhuri wenyewe hauna kosa."

Kisha akanifundisha. Sarafu hupigwa kwa muhuri wa chuma, na muhuri huo nao hupata mchoro wake kwa kukandamizwa na muhuri mama. Zamani kukandamiza mara moja hakukutosha. Chuma kilipashwa moto kikalainika, kikarudishwa tena. Kikirudi kimezunguka kidogo tu, mchoro wa pili haulali juu ya wa kwanza, na kila sarafu itakayotoka hapo itakuwa na herufi pacha, nene, zilizogawanyika nchani. Ndivyo ilivyokuwa Marekani mwaka 1955 kwa senti ya Abraham Lincoln: maelfu yalitoka hivyo, na hata maneno ya kumtumaini Mungu yaliandikika mara mbili.

Nimelibeba jambo hilo wiki nzima. Kuna kasoro ya pigo, na kuna kasoro ya muhuri. Mama anarudi jioni kutoka shamba la maua, miguu imevimba, anamfokea mtoto. Hilo ni pigo lililotikisika. Amwombe mtoto msamaha kabla hawajalala, nalo litaishia hapo. Lakini nyumba inayokandamiza sala asubuhi na dharau jioni, siku baada ya siku, inatengeneza muhuri. Yakobo anatuonya juu ya nia mbili, na waliopigwa chapa kwa nia zetu mbili ni watoto wetu. Halafu tunawauliza, "Tabia hii umeitoa wapi?" Kabla ya kuikemea sarafu, tukague muhuri.

Mzee aliongeza neno. Muhuri ukichoka hupata ufa mwembamba kama unywele. Kwenye sarafu ufa huo huwa mstari ulioinuka, kwa kuwa metali huingia na kuujaza. Wakusanyaji huzipanga sarafu za muhuri mmoja kwa kufuata mstari huo unavyorefuka, mpaka ile ambayo ukingo wa muhuri umemeguka kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzazi, kifungua mimba wako na kitinda mimba ni sarafu za muhuri mmoja. Ukiwaweka bega kwa bega, mstari umerefuka?

Muhuri uliopasuka huondolewa kwenye mashine, basi. Sisi tuna ahadi ambayo chuma hakina: Ezekieli 36 yatuahidi moyo mpya, na Yakobo asema hekima hupewa aombaye.

Wiki hii, keti na mmoja unayemlea. Muulize, "Ni wapi unaniona wawili?" Msikilize mpaka amalize, usijitetee.

Bwana, tulainishe, kisha utuchape upya kwa sura yako moja. Amina.