Bosi wa Redioni na Bosi wa Yeremia



Redio ikisifu wakubwa, mara nyingi tunasikia habari za majengo: bosi fulani amekata utepe, amefungua ghala. Waliobeba mawe hawaulizwi kitu. Yeremia aliwauliza. Katika sura ya 22 anamkemea mfalme Yehoyakimu, aliyejijengea nyumba kubwa ya mierezi, yenye madirisha mapana na rangi nyekundu, bila kuwalipa waliomjengea. Kama Yerusalemu ingekuwa na gazeti, nyumba ile ingewekwa ukurasa wa kwanza! Nabii anamkumbusha baba yake, Yosia. Naye alikula na kunywa, hakuwa maskini, lakini aliwaamulia haki wanyonge. Maneno ya Yeremia yalipoandikwa na kusomwa mbele ya Yehoyakimu (sura ya 36), gombo lilikatwa kwa kisu na kuchomwa motoni.

Nchi hii tuliyokimbilia inajua habari hizo kwa machozi. Hatusemi Butare hii yetu ya Rusizi, bali mkoa wa zamani wa Butare, kule Huye ya leo. Mwaka 1994 prefe wake alikuwa Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee kati ya maprefe wote. Mauaji yalipoanza, alijitahidi kuyazuia, na sehemu kubwa ya mkoa ikatulia kwa muda. Tarehe 17 Aprili Radio Rwanda ilitangaza kuwa ameondolewa. Aliyesikia tangazo lile tu angedhani ni mkubwa aliyeshindwa kazi. Tarehe 19, Rais wa serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, alikwenda Butare akawashutumu wanaojitenga, akataka wasiotaka kufanya kazi wawapishe wengine. Hotuba ile ilirushwa redioni. Kazi yenyewe ilikuwa kuua. Habyalimana aliuawa. Aliyewekwa mahali pake, Sylvain Nsabimana, alitiwa hatiani na mahakama ya Arusha mwaka 2011.

Basi ndugu, neno zuri kama "kazi" linaweza kumvika muuaji joho la mchapakazi.

Sisi wakimbizi tunaishi kwa vibarua, wengi kwenye mpunga wa Bugarama. Habari za mabosi zinatufikia kwa simu na pale bombani. Anayegawa sukari Noeli huitwa baba, hata kama anakawiza malipo ya wiki tatu. Kapita anayehesabu siku zetu sawasawa, bila kupunguza hata moja, huitwa mkali. Na asiye na karatasi atamshitaki nani?

Jarida hili nalo linapenda kuandika majina ya waliotoa mabati. Tumekubaliana na wazee wa kanisa: bosi akileta mchango, ashukuriwe kwa heshima, kisha mama mmoja na mzee mmoja waende kwa vibarua wake kuuliza kama wamelipwa. Jina lake litaandikwa wakisharudi.