Ahadi ni Deni: Ruhinda na Enzi Iliyotoweka

Mtu akilelewa katika enzi fulani, kisha enzi ile ikatoweka, ana wajibu gani kwayo? Aisimamishe upya kama alivyoikuta, ailie maisha yake yote, au aiache ipite na kutafuta riziki chini ya mabwana wapya? Swali hili si geni kwetu wapenzi wa ushairi. Muyaka wa Haji aliitumikia kwa beti zake Mombasa ya akina Mazrui. Mwaka 1837 utawala wao ukaangushwa na Sayyid Said, naye mshairi akabakiwa na miaka michache tu ya kuishi chini ya bendera nyingine. Leo tunazienzi beti zake bila yeyote kati yetu kutaka Mazrui warudi ngomeni.

Lakini kisa kinachoniuliza swali hili kwa ukali zaidi kinatoka mbali na bahari ya chumvi, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya, mkoani Kagera. Masimulizi ya huko, kama yale ya Bunyoro na Ankole, yanataja watawala wa kale walioitwa Bachwezi. Wa mwisho wao ni Wamara. Katika namna mojawapo ya kisa chake, Wamara na wenzake walishuka hadi kwa Kintu, mfalme wa chini ya ardhi, wakakirimiwa mifugo na mbegu. Wamara akaahidi kuilipa fadhila ile. Aliporudi kwake, akasahau. Kintu akamtuma Rufu, yaani mauti, akadai haki yake, na Wamara akatoweka pamoja na watu wake. Tangu hapo hawakuhesabiwa tena kuwa wafalme bali mizimu: Mugasha akawa na ziwa na dhoruba zake, Irungu akawa na nyika na wawindaji, na Wamara akabaki mkuu wao.

Ndipo anapotokea Ruhinda. Masimulizi mengi humtaja kuwa mwana wa Wamara, mama yake akiwa Njunaki. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa ukoo wa Bahinda, uliotawala Karagwe na pia Ihangiro, nchi ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba. Ametoka katika nyumba ya Wamara, nyumba imezama, yeye yu hai, ana ng'ombe, ana wafuasi. Je, atabaki mwaminifu kwa enzi ile?

Wapo watakaosema kwamba alikwisha kuisaliti. Mwaminifu, watasema, angekaa kando ya shimo na kungoja. Ruhinda badala yake alijijengea kiti chake mwenyewe. Wengine watajibu kwamba alikuwa mrithi halali, na mrithi hahukumiwi kwa kurithi. Mimi naona pande zote mbili zinapima uaminifu kwa kiti: nani alikiacha na nani alikikalia. Kisa chenyewe hakimhukumu Wamara kwa habari ya kiti. Kinamhukumu kwa deni.

Hapa ndipo pana kiini cha jambo. Sisi husema ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Wamara hakuanguka kwa kushindwa vitani wala kwa kukosa wafuasi. Alianguka kwa sababu alipokea akasahau. Basi mwanafunzi anayejenga upya enzi ya Wamara kama ilivyokuwa, anajenga upya na usahaulifu wake. Mwanafunzi mwaminifu ni yule anayeuliza: mwalimu wangu alidaiwa nini, na nani bado anadai? Kisha hulipa, hata kama kwa kulipa huko atakuwa hafanani tena na mwalimu wake.

Hoja hii ina hatari yake, wala haifai kuificha. Kila mnyang'anyi anaweza kudai kwamba anakamilisha kazi ya mkubwa wake aliyetangulia. Tuutazame mfano wa Katuruka, karibu na Maruku, Bukoba. Masimulizi yanamtaja mfalme Rugomora Mahe kuwa na makao yake hapo, kando ya mti wa Kaiija, mahali palipohusishwa na ufuaji wa chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alipochimba hapo, karibu na mwaka 1970, alikuta mabaki ya kazi ya chuma yaliyowatangulia Bahinda kwa karne nyingi. Mfalme wa enzi mpya alijiweka penye heshima ya watu wa kale. Je, aliwaenzi au aliwafunika? Udongo umetuambia kwamba walikuwapo. Nia ya mfalme haukutuambia.

Kwa hiyo tunahitaji kipimo, nacho nakiona katika kisa kilekile. Zawadi ya Kintu ilikuwa ng'ombe na mbegu, na mtoaji ni bwana wa chini ya ardhi. Hivyo ndivyo vinavyoilisha nchi ya Wahaya: kibanja cha migomba hustawi kwa samadi ya ng'ombe na kwa mikono ya mkulima. Deni la Wamara, basi, ni deni kwa ardhi na kwa wanaoilima. Anayedai kumlipia Wamara na tumwulize: malipo yanakwenda kwa mdai, au yanarudi mfukoni mwako?

Kwa kipimo hiki warithi wa viti vya Buhaya hawatoki salama. Chini ya utaratibu wa nyarubanja, uliopanuka katika enzi ya Wajerumani, wakulima wengi walijikuta wapangaji katika mashamba ya wakubwa, wakitoa mazao au kazi kwa ardhi waliyoilima wenyewe. Aliyetakiwa kulipa akawa anatoza. Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu, na sheria ya mwaka 1965 ikaanza kuwafungulia wapangaji wa nyarubanja njia ya kuimiliki ardhi yao. Ni ajabu ya historia kwamba sheria zilizoviondoa viti ndizo zilizolikaribia zaidi deni la kale.

Je, anayezipenda tendi za wafalme wale anapaswa kuona haya? Sidhani. Profesa M. M. Mulokozi, aliyezitafiti tendi za nanga kwa tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizikuta zingali hai baada ya viti kuondoka. Na wasimulizi wa Wamara wametufundisha jambo kubwa: walimtukuza, wakamtambikia, lakini hawakulifuta kosa lake. Wangeweza kusema kwamba Kintu alimwonea. Walisema alisahau. Huo nauona kuwa uaminifu uliokomaa kuliko wa upanga, maana humpenda mkubwa na kulitunza jina lake pamoja na hesabu yake.

Basi Ruhinda, akiwa shujaa kweli, angebaki mwaminifu kwa Wamara. Lakini uaminifu wake usingeonekana katika ngoma alizozipiga wala kiti alichokikalia. Ungeonekana siku ambayo angechagua ng'ombe walio bora na mbegu zilizo safi, akashuka nazo kwa mwenyewe, bila kungoja kudaiwa. Kama alifanya hivyo, masimulizi niyajuayo hayasemi. Labda ndiyo sababu deni lingali linasimuliwa.