Mkono Uliojizuia

Kiharusi huweza kumpokonya mtu ulimi kabla ya kumpokonya uhai. Basi daktari wa maradhi haya mara nyingi humkuta mgonjwa asiyeweza kusema nataka wala sitaki. Ikiwa chanzo ni damu iliyoganda katika mshipa wa ubongo, dawa ya kuiyeyusha ipo. Lakini kwa kawaida hutolewa katika muda wa saa 4 na nusu tangu ugonjwa uanze, nayo huweza kuuvujisha damu ubongo wenyewe. Katika jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 1995, wagonjwa 6 hivi katika kila 100 waliopewa dawa walipatwa na msiba huo. Hata hivyo, waliopona bila kilema, au kwa kilema kidogo, walikuwa wengi kuliko upande wa wasiopewa.

Je, daktari akihofu lawama akaizuia dawa, mikono yake ni safi? Wengi husema ndiyo, kwa kuwa hakutenda neno. Mimi siafiki. Damu iliyomwagika kwa sindano huonekana, na jamaa hujua wamlaumu nani. Mkono uliopooza kwa kukosa dawa hauna mshtakiwa (hakimu gani angemwita?), bali mwenyewe hufungwa vifungo vya shati na mwanawe kila asubuhi.